Leaf ya yuniti 24 au ya yuniti 40 kwa safari ya Wete na Mkoani?

Mkaazi wa Wete:
Assalaam alaykum. Ninakaa Wete na kazi yangu iko Mkoani. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120, na kazini hakuna pa kuchajia. Dalali ananionyesha gari mbili za umeme, Nissan Leaf, zilizotumika kutoka Japani: moja ya mwaka 2012 yenye betri ya yuniti 24 za umeme (kWh), na nyengine ya mwaka 2018 yenye yuniti 40, ambayo bei yake inakaribia mara mbili. Karatasi ya ile ya kwanza imeandikwa kuwa inakwenda kilomita 200 kwa chaji moja. Ikiwa ni kweli, sioni sababu ya kuongeza fedha, isipokuwa nahofia vilima vyetu. Naomba ushauri wenu.

Fundi wa Chake:
Waalaykumu salaam. Ndugu yangu, hizo kilomita 200 ni za kipimo cha Kijapani, ambacho gari huendeshwa polepole na kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Gari hiyohiyo ilipopimwa Marekani ikiwa mpya ilipewa maili 73, yaani kilomita 117. Ile ya yuniti 40 ilipewa maili 151, ambazo ni kilomita 243. Kwa hiyo hata siku ilipotoka kiwandani, hiyo ya mwanzo isingekutosha kwa raha, sembuse leo.

Vilima visikutishe. Kuipandisha gari ya tani moja na nusu mita 100 kunakula kama nusu yuniti hivi, na ukiteremka bila ya kukanyaga breki kwa nguvu, mota hurudisha sehemu yake kwenye betri. Kinachokula safari ni uzee wa betri. Tazama dashibodi, upande wa kulia kabisa, kuna mistari midogo 12 inayoonyesha uwezo uliobakia, si chaji iliyomo. Mstari wa kwanza hupotea betri inapopungua kiasi cha asilimia 15, na kila unaofuata ni kama asilimia 6. Ikiwa imebakia 9, betri yako ya yuniti 24 imekuwa ya yuniti 17 au pungufu, na kwa kilomita sita kwa yuniti utaishia njiani wakati wa kurudi.

Bibi wa Fumba:
Naongezea kuhusu joto, kwa sababu wengi hulisahau. Betri ya Leaf za miaka hiyo haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Hutegemea upepo tu. Mwaka 2012 wenye gari hizo huko Arizona, kwenye joto la jangwa, walilalamika kuwa mistari inapotea mapema, na baadaye kampuni ikabadilisha kemia ya betri. Kwa hiyo usiiache juani ikiwa imejaa, na ukifika nyumbani iache ipoe kwanza, kisha ichaji usiku. Umeme wa nyumbani wa Japani ni volti 100 na 200, wetu ni 230. Hakikisha waya wa kuchajia umeandikwa kuwa unakubali, na fundi akague soketi pamoja na waya wa ardhi. Yuniti 20 kwenye soketi ya kawaida ni kazi ya usiku mzima, basi zihesabie na Tukuza yako, yaani umeme wa kulipia kabla.

Kijana wa Mjini:
Kwa nini asitafute gari yenye betri ya chuma na fosfati, kama za BYD, kampuni ya Kichina? Hizo huvumilia kujazwa hadi asilimia 100 kila siku, na huchukua miaka mingi, ingawa ni nzito kwa kila yuniti.

Fundi wa Chake:
Ni kweli kabisa, lakini aliye na fedha ya Leaf ya mwaka 2018 hatapata BYD mpya kwa bei hiyo. Anunue anachokiweza. La muhimu, Ndugu wa Wete, usiiamini mistari peke yake, maana kuna wanaoifuta kumbukumbu ya betri ili irudi 12, na baada ya wiki chache za kutembea ikaanza kupotea tena. Dalali wako achomeke kifaa cha uchunguzi chini ya usukani, afungue programu ya LeafSpy kwenye simu, akupigie picha ya ukurasa wenye asilimia ya afya ya betri.

Mkaazi wa Wete:
Shukrani. Nimemwandikia dalali nikamwomba picha hiyo kwa zote mbili. Ya yuniti 40 amekubali; ya yuniti 24 ananijibu kuwa kifaa kimepotea.