Naombeni ushauri: Route 100 ya Vermont wakati wa theluji

Habarini wapendwa, naombeni ushauri hasa mnaoishi jimbo la Vermont huku Marekani. Mdogo wangu kapata kazi ya jikoni kwenye hoteli ya watu wa ski (mchezo wa kuteleza kwenye theluji) kule Ludlow chini ya mlima Okemo, anaanza Desemba na mimi ndo wa kumpeleka na mizigo yake kutoka Winooski. Oktoba tulipita Route 100 kuanzia Waterbury, jamani ile barabara ni nzuri, majani mekundu mlima mzima, pale Granville maporomoko ya Moss Glen yako kando ya lami kabisa, unashuka tu unayaona. Lakini hapohapo bonde linabana, msitu huku na huku, simu ikakata netiweki kabisa. Sasa nawaza theluji, na saa kumi na nusu jioni giza lishaingia. Gari yangu ni Corolla, inavuta mbele, tairi za ol-sizoni (za misimu yote), wiki iliyopita iliteleza nikiwa na mtoto nyuma mpaka leo moyo haujatulia. Ninunue tairi za theluji zote nne au mbili za mbele zinatosha? Au nizungukie Route 7 mpaka karibu na Rutland, nishike Route 103? Mliowahi kupita niambieni ukweli.