Baba ameacha bunduki: je, leseni yake inarithiwa?

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Baba yetu amefariki, na miongoni mwa alivyoviacha kuna bunduki ya kuwindia na risasi zake, vyote vikiwa ndani ya kasha la chuma, na leseni ina jina lake peke yake. Kaka yangu mkubwa anaitaka, mama anataka itoke nyumbani, nami ndiye msimamizi wa mirathi ninayeshika ufunguo. Nianzie wapi?

Mzee wa Sheria
Pole kwa msiba. Bunduki ni mali ya mirathi, lakini leseni si mali: hutolewa kwa mtu baada ya kuchunguzwa mwenendo wake na sababu ya kuhitaji silaha, na ndiyo maana kwa kawaida mrithi hulazimika kuomba ya kwake. Ujerumani humpa mrithi mwezi mmoja wa kuomba kibali baada ya kuukubali urithi, na asiye na haja inayotambuliwa, kama vile uwindaji, bunduki yake hufungwa kizuizi maalumu ili isiweze kufyatua. Hata Marekani, ambako haki ya kumiliki silaha imo katika Katiba tangu 1791, aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai hukatazwa kuwa nayo, iwe ameinunua au ameirithi.

Bi Tausi
Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau: tafadhali usiibebe mwenyewe kuipeleka kituoni, kwa sababu anayekutwa na silaha njiani bila kibali anaweza kushtakiwa hata kama alikuwa anakwenda kuisalimisha. Wapigie polisi kwanza, wasomee namba ya silaha iliyoandikwa kwenye leseni, kisha uliza kama watakuja kuichukua au watakupa barua ya kuisafirisha. Kasha lisifunguliwe ili kumwonesha mtu yeyote, hata kaka. Siku ya kuikabidhi, dai stakabadhi yenye namba hiyo na idadi ya risasi, maana bila karatasi hiyo familia ndiyo itakayoulizwa silaha ikipotea.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Kaka anauliza kama inaweza kuharibiwa isifyatue tena, ibaki kama kumbukumbu.

Mzee wa Sheria
Baadhi ya nchi huruhusu, na Umoja wa Ulaya una viwango vya pamoja vya kazi hiyo tangu 2016, lakini lazima ithibitishwe kwa cheti. Kung'oa kifyatulio nyumbani hakuhesabiki. Kwa maoni yangu mama asikilizwe, na bunduki ikae polisi mpaka kaka apate kibali au cheti hicho.