Mtuhumiwa wa wizi wa korosho karudi kijijini siku ya tatu: imani ya watu tutairudishaje?

Mkulima wa Tandahimba
Ndugu zangu, msimu uliopita vijana wetu wa ulinzi shirikishi, wenye filimbi, tochi na virungu tu, walimkamata mtu usiku akiwa na magunia mawili ya korosho, ambayo mwenye mali aliyatambua kwa mshono wa kamba ya bluu. Walimfikisha kituoni bila kumpiga, ingawa kuwatuliza watu waliokwisha kuokota mawe haikuwa kazi ndogo. Siku ya tatu tulimwona barazani anakunywa kahawa. Tangu hapo baadhi ya kaya zimegoma kutoa mchango wa ulinzi, na kijana mmoja ameniambia waziwazi kwamba akimkamata mwingine hatafika naye kituoni. Kauli hiyo inaninyima usingizi. Tufanyeje?

Msaidizi wa Sheria, Newala
Vijana wenu walifanya sawasawa, kwa sababu raia akimkamata mtuhumiwa anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Wizi ni kosa lenye dhamana, na Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Kwa hiyo kumwona barazani hakuna maana kwamba kesi imekufa. Nami nikuulize: mlalamikaji, yaani mwenye korosho, anayo namba ya RB (namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi), anamjua mpelelezi wake, na amewahi kurudi kuulizia?

Bibi wa Masasi
Mwanangu, sheria umeieleza vizuri, ila ni nani aliyewaeleza wanakijiji? Mkaguzi wa polisi wa kata akija kwenye mkutano mkuu wa kijiji huhimiza amani kwa jumla, kisha huondoka. Angesimama na daftari akasema shauri hili lipo kwenye upelelezi, lile limefika mahakamani na litatajwa tarehe fulani, uvumi usingepata pa kukaa.

Hata hivyo, na sisi tuna letu. Niliwahi kuwa shahidi katika kesi ya mbuzi kwenye mahakama ya mwanzo. Nilikwenda mara mbili, ikaahirishwa mara mbili, na ya tatu, kwa kuwa nauli ya bodaboda ilikuwa imenishinda na palizi lilikuwa linanisubiri, nikabaki shambani. Mtuhumiwa akaachiwa kwa kukosekana shahidi. Majirani wakasema hakimu kala rushwa, nami, kwa aibu, nikanyamaza.

Mkulima wa Tandahimba
Shikamoo Bibi, na asante. Jana nilimfuata mlalamikaji. Kikaratasi cha RB tulikikuta kimekunjwa ndani ya daftari lake la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, pamoja na stakabadhi za mauzo, na kituoni hajarudi hata siku moja kwa kuamini kwamba mambo yalikwisha. Keshokutwa tunakwenda naye pamoja na yule kijana aliyeapa kutofika tena kituoni, maana yeye ndiye aliyemshika mtuhumiwa na maelezo yake hayajaandikwa. Nauli tumeichanga watu sita.