Kucheza mafaili ya MIDI kwenye kinanda cha zamani, Electone EL-90

Mwanakwaya_Moshi:
Ndugu wanamuziki, salamu. Nyumbani tuna kinanda cha Yamaha, Electone EL-90, ambacho kaka yangu alikinunua kutoka kwenye kontena la bidhaa zilizotumika za Japani. Kina kibodi mbili, ya juu na ya chini, pamoja na pedali za miguu, na sauti zake bado ni safi. Nimekusanya mafaili ya MIDI, yaani yenye maagizo ya noti za kupigwa na si sauti iliyorekodiwa, ya nyimbo za ibada zenye sauti nne, na ningependa kinanda kiyapige chenyewe ili wanakwaya wajifunze sauti zao huku nikiwa nimesimama mbele yao. Nimekiunganisha na kompyuta mpakato kwa kebo ya USB ya MIDI. Kinanda kinalia, lakini sehemu nyingine hazisikiki kabisa, na mara kwa mara mpangilio mzima wa sauti hubadilika ghafla bila mtu kugusa kitufe. Je, tatizo ni kebo, mafaili, au kinanda chenyewe?

Fundi_Vinanda:
Ndugu Mwanakwaya, kwa dalili ulizozieleza, kebo ni nzima na kinanda ni kizima. EL-90 ilitoka mwaka 1991, mwaka uleule zilipochapishwa kanuni za General MIDI, na haikuundwa kwa kuzifuata. Kanuni hizo ndizo zinazosema kwamba programu (yaani ala inayochaguliwa kwa namba) namba 1 ni piano, namba 41 ni fidla, na chaneli (njia yenye namba inayobeba sehemu moja ya wimbo) ya 10 ni ya ngoma. Mafaili mengi yanayopatikana kwenye intaneti hutengenezwa kwa kudhani kwamba kila chombo kinazijua. Kinanda chako kimegawa chaneli zake kwa mikono na miguu: chaneli ya 1 ni kibodi ya juu, ya 2 ni kibodi ya chini, ya 3 ni pedali, na ya 16 hubeba maagizo ya jumla.

Sasa tazama kinachotokea kwa faili la kwaya ambalo soprano imewekwa chaneli ya 1, alto ya 2, teno ya 3 na besi ya 4. Soprano inalia juu, alto inalia chini, teno inaangukia kwenye pedali, na besi haina kibodi wala pedali ya kuipokea. Kuhusu mabadiliko ya ghafla, agizo la kubadili programu, ambalo kwenye kifaa cha General MIDI huchagua ala, kwenye vinanda vya namna hii huita mpangilio uliohifadhiwa katika vitufe vya kumbukumbu.

Dawa yake ni kulipanga faili upya. Pakua Sekaiju, ambayo ni programu ya bure ya kuhariri MIDI kwenye Windows, ufute maagizo yote ya kubadili programu, kisha uhamishe soprano na alto kwenye chaneli ya 1, teno na besi kwenye chaneli ya 2. Sauti za ala utazichagua kwa mkono kwenye kinanda kabla ya kuanza. Kuna jambo moja ambalo wengi hawaliangalii: soprano na alto zikikutana kwenye noti ileile ndani ya chaneli moja, agizo la kuzima noti la sauti inayomaliza mapema hukata na ile nyingine. Katika sehemu hizo futa noti fupi, ubakize ndefu.

Kwa lengo lako la kufundisha, ningekushauri uandae faili tofauti kwa kila sauti. Ukiwafundisha alto, weka alto peke yake kwenye chaneli ya 1 kwa sauti kali kama ya obo au tarumbeta, na sauti tatu zilizobaki kwenye chaneli ya 2 kwa filimbi laini. Wanakwaya watasikia mstari wao waziwazi bila kupoteza harmonia inayowazunguka. Kazi hii kinanda chenye kibodi mbili kinaifanya vizuri mno.

Mama_Kwaya:
Mimi naona njia nyingine ni nyepesi zaidi kwa mtu mwenye nyimbo nyingi. Liache faili kama lilivyo, itumie kompyuta kutoa sauti kwa programu kama FluidSynth, ambayo nayo ni ya bure, kisha uingize sauti hiyo kwenye tundu za AUX IN za kinanda, yaani za kupokea sauti kutoka nje, ili itoke kwenye spika zake. Vilevile, kama kinanda kilitengenezwa kwa soko la Japani, kinahitaji volti 100, kwa hiyo msikitumie bila transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230.

Fundi_Vinanda:
Ni kweli, Mama, na kwa nyimbo zenye ngoma na ala nyingi hata mimi ningefanya hivyo. Ila hapo kinanda kinabaki kuwa spika tu, na sauti za EL-90 zinastahili kusikika.

Msomaji_Tanga:
Samahani kwa kuingilia. Kinanda chetu ni cha miaka ya 1970, cha Ulaya, na nyuma kina tundu la pini tano. Je, naweza kutumia kebo hiyohiyo?

Fundi_Vinanda:
Hapana, ndugu yangu. MIDI ilitangazwa mwaka 1983, kwa hiyo tundu hilo si lake. Vyombo vingi vya Ulaya vya wakati huo vilitumia plagi ya umbo lilelile kwa ajili ya rekoda ya kanda. Usichomeke kebo ya MIDI humo.

Mwanakwaya_Moshi:
Nawashukuru sana. Nimebakiwa na swali moja: nikitaka besi ipigwe na pedali, niihamishie tu chaneli ya 3?

Fundi_Vinanda:
Ihamishie huko, lakini angalia oktava. Pedali za EL-90 ni 20, na pedali ya chini kabisa, yaani C, ni noti namba 36 katika MIDI. Futi ni kipimo cha kimo cha sauti za kinanda: ya futi 8 hulia kwenye namba yake, na ukichagua ya futi 16, noti hiyo italia oktava moja chini ya namba yake. Kwa hiyo besi ya kwaya, ukiiacha katika kimo chake na kuipa sauti ya futi 16, itasikika chini kuliko waimbaji wako wanavyoimba. Tumia sauti ya futi 8 kama unataka waifuate kwa masikio. Besi ya gitaa ni kinyume chake, kwa kuwa huanzia noti namba 28, chini ya pedali ya kwanza. Hiyo ipandishe nusu toni 12, na sauti ya futi 16 itairudisha mahali pake.