Naomba ushauri: diski za HD DVD na Blu-ray zinagoma kwenye deki

Habari zenu wakuu. Shemeji kaniletea diski za filamu kutoka Marekani, nyingine Blu-ray, nyingine HD DVD. Deki yangu ni ya Blu-ray, ilinunuliwa Dubai. Za HD DVD haizitambui kabisa, ingawa aina zote mbili husomwa kwa leza ya bluu. Naelewa tabaka la data limekaa kwenye kina tofauti, na Toshiba, waliokuwa wakitengeneza HD DVD, waliachana nazo 2008. Baadhi ya Blu-ray nazo zinagoma: zimeandikwa A (alama ya kanda ya dunia zinakouzwa), deki ni ya kanda B. Nimezipangusa, nimejaribu hata deki ya jirani. Natamani sana zisipotee bure, picha za namna hii ni safi mno.

Kisomaji cha HD DVD cha Xbox 360 nikikichomeka kwenye kompyuta kwa USB, nitumie programu gani kuzicheza? Na je, deki ya B yaweza kufunguliwa isome A bila kuharibika?