Naomba ushauri: visiwa vya Ugiriki na mama watoto, Julai

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Niko Dodoma. Mwakani tunatimiza miaka 10 ya ndoa na nimemwahidi mke wangu visiwa vya Ugiriki: tushukie Athens, tupande boti kwenye bandari ya Piraeus, kisha Paros, Naxos na Santorini, siku 10 hivi.

Viza ya Schengen (ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo) nimeshaielewa: maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya matibabu ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Kinachoninyima usingizi ni bahari. Julai na Agosti kule huvuma upepo mkali wa kaskazini, meltemi, na ukizidi boti huzuiwa bandarini. Mke wangu alitapika njia nzima Dar hadi Unguja, masikini, na sitaki ateseke tena.

Je, meli kubwa za polepole zitamfaa kuliko boti za kasi? Visiwa vitatu si vingi? Usiku wa mwisho naona tulale Athens, tusije tukakosa ndege. Au nisogeze hadi Septemba, watoto wabaki na bibi yao Kondoa? Aliyewahi kufika anieleze kwa kina, tafadhali.