Pakeji tupu za mpito: wenye ripo, acheni kutuvunjia seva!

Wakuu, heshima mbele. Nimekasirika na sizunguki.

Kwenye Linux za Debian na Ubuntu programu huja kama pakeji (furushi la faili), na pakeji ya mpito ina kazi moja tu: jina la zamani linabaki, ndani hamna kitu, ila inavuta jina jipya ili anayepandisha toleo asiachwe njiani. Sasa kuna kampuni, siitaji, ambayo ripo yake (ghala la pakeji la mtandaoni) tunaitumia kazini. Wamehamia toleo la 3 la Python, lugha ya kuandikia programu, wakaichukua maktaba yao (kodi inayoitwa na programu nyingine) yenye jina linaloanza na python- wakaifanya tupu, ikawa inavuta ile ya python3-. Apt, programu inayoweka na kuondoa pakeji, ikaridhika, hakuna onyo hata moja. Usiku ripoti za wateja, zinazotolewa na skripti yetu ya Python 2.7, hazikutoka. ImportError, yaani Python haikuiona maktaba!

Python 2.7 husoma moduli (faili za maktaba) kwenye /usr/lib/python2.7/dist-packages, Python 3 kwenye /usr/lib/python3/dist-packages. Skripti ya zamani haioni kilichowekwa kule kwingine, hata jina liwe lile lile. Kwa programu inayojitegemea, sawa, badilisheni jina na mwache tupu nyuma. Lakini maktaba ambayo watu wanaiita ndani ya kodi zao? Huko ni kuidanganya apt. Bora ingegoma kupanda tujue mapema.

La pili ndilo limenichoma. Maelezo ya pakeji yanasema ukishapanda unaweza kuifuta bila madhara. Mwenzangu akaifuta, akapiga apt autoremove (amri ya kufuta pakeji zisizohitajika tena), na pakeji halisi ikafagiliwa pia! Apt iliihesabu kama kitu kilichokuja kwa kumfuata mwingine, na huyo mwingine keshaondoka. Dawa yake ipo: pakeji tupu iwekwe kwenye sehemu (Section) ya oldlibs, ya pakeji za zamani. Hapo wakati wa kupanda apt huhamisha alama ya "imewekwa na mtumiaji" kutoka kwenye tupu kwenda kwenye halisi. Ni neno moja kwenye control, faili la maelezo ya pakeji. Neno moja, na watu wanalipwa kuliandika!

Msiniambie haiwezekani. Ubuntu 20.04 ilipoacha kuweka /usr/bin/python (amri ya python) kwenye mfumo mpya, ilileta pakeji za python-is-python2 na python-is-python3, mwenye seva achague mwenyewe amri hiyo iite toleo lipi. Debian 11 ilitangaza kwamba Python 2.7 imebaki kwa ajili ya kujengea programu chache tu, na Debian 12 ikaiondoa kabisa. Python 3 ipo tangu 2008, Python 2 ilifikia kikomo 1 Januari 2020. Muda gani zaidi mlitaka?

Mliokwama kama sisi: kabla ya kufuta tupu yoyote, piga apt-mark manual na jina la pakeji mpya ili ipate ile alama, kisha apt-get -s autoremove (-s ni majaribio tu) uone itakachobeba kabla haijabeba. Na wewe unayetengeneza .deb (faili za pakeji) za ofisi yako, fungua control sasa hivi uangalie Section imeandikwaje.